Keti Kwanza Uhesabu Gharama: Kuhusu Shahada Mpya ya Sayansi ya Data



Tafakari ya juma hili imezaliwa ofisini mwangu, baada ya Misa ya pili. Binti mmoja wa parokia yetu, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya binafsi, alikuja akifuatana na baba yake mzazi. Amenipa ruhusa niandike habari zake bila kumtaja jina, kwa kuwa anaamini wapo vijana wengine wanaobeba swali lilelile. Juu ya meza aliweka karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kukubaliwa kujiunga na shahada ya uzamili ya sayansi ya data, programu mpya kabisa ambayo chuo husika kinaifungua kwa mara ya kwanza. Ya pili ilikuwa hati ya mauziano, ambayo bado haijatiwa saini, ya nusu ya kibanja cha familia: migomba, mibuni, na upande ule walikozikwa babu na bibi.

Mzee alisema maneno machache tu. "Baba Paroko, mimi sikusoma. Huyu amesoma. Wewe umesoma kutuzidi sote. Ukisema tuuze, kesho naweka saini."

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu kwamba niliogopa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika parokia nyingine, nilisimama mimbarini na kuwahimiza waamini wamchangie kijana mmoja mwenye akili nyingi aende kusoma shahada ya uzamili. Jina la masomo yale lilivutia, na sisi sote tulilipenda bila kuuliza lilibeba nini ndani yake. Wajane walitoa mayai, mafundi walitoa ujira wa siku, watoto wa Utoto Mtakatifu walitoa sarafu. Kijana alisoma, akahitimu, akarudi na cheti chake. Kazi hakuipata. Mwanzoni alikuja Misa ya kwanza alfajiri, kabla watu hawajawa wengi. Baadaye hakuja tena. Niliambiwa kwamba aliona aibu kukutana na macho ya waliomchangia. Sikumwibia mtu, wala yeye hakumwibia mtu. Lakini nilikuwa nimetoa baraka mahali nilipotakiwa kwanza kuuliza maswali.

Kwa hiyo safari hii sikumjibu Mzee papo hapo. Niliwaomba waniachie muda nisali na kufikiri. Ninayoandika hapa ndiyo niliyowaambia tulipokutana tena.

Katika Dominika ya 23 ya Mwaka C, iliyoangukia tarehe 7 Septemba 2025, tulisikia Injili ya Luka 14:25-33. Bwana wetu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka. Najua vema kwamba mfano huo wahusu kwanza gharama ya kumfuasa Kristo, wala si ada ya chuo. Hata hivyo Bwana aliuchukua mfano wake kutoka katika busara ya kawaida ya wajenzi, na busara hiyo haikufutwa kwa kuingizwa katika Injili. Anayefanya mambo makubwa bila kuhesabu hamheshimu Mungu kwa imani yake. Anamjaribu. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tuliketi, tukafungua daftari.

Kwanza tujiulize sayansi ya data ni kitu gani. Ni taaluma inayounganisha takwimu, hisabati na kompyuta ili kupata maarifa kutoka katika wingi wa taarifa zilizokusanywa. Jina lenyewe si la zamani sana. Mwaka 2001 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, William Cleveland, alipendekeza chini ya jina hilo kwamba taaluma ya takwimu ipanuliwe. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilianza kupokea wanafunzi wa uzamili katika uchambuzi wa data. Mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya Thomas Davenport na D. J. Patil iliyoisifu kazi hiyo kuwa yenye mvuto kuzidi zote katika karne hii. Tangu hapo vyuo vya dunia nzima vimefungua programu za namna hiyo, vingine kwa maandalizi makubwa, vingine kwa kuchukua somo la takwimu lililokuwapo, kulipachika somo la kompyuta, na kulivika jina jipya.

Je, nchi yetu inaihitaji elimu hiyo? Nasema bila kusita kwamba inaihitaji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 katika Tanzania. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ni ongezeko la zaidi ya milioni 16 katika miaka kumi. Ni nani atakayetuambia ongezeko hilo lina maana gani kwa madarasa ya shule zetu, kwa visima, kwa wodi za wazazi? Nendeni katika zahanati yoyote mumwone muuguzi akijaza vitabu vya MTUHA, kurasa kwa kurasa. Taarifa zile huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao ulikuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unatumika katika nchi nyingi za Afrika. Namba zinapanda wilayani, mkoani, hadi wizarani. Lakini ni mara ngapi mtu wa hapa chini ameketi na kuziuliza namba hizo kwa nini homa ya watoto wa kitongoji hiki imezidi ile ya kitongoji jirani? Data tunazo. Watu wenye ujuzi na muda wa kuziuliza maswali ndio wachache.

Hata sisi mapadre tu watu wa data, ingawa hatujiiti hivyo. Rejista ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya marehemu zimo kabatini mwangu, na kila mwaka tunajaza fomu za takwimu zinazopelekwa jimboni na hatimaye Vatikani. Anayedhani kwamba Kanisa na hesabu ni vitu viwili visivyojuana, bado hajawahi kuwa katibu wa parokia.

Hapa nataka niwakumbushe mtawa mmoja Mwagustino, Gregor Mendel, wa monasteri ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu, akashindwa. Abate wake, Cyril Napp, hakumkatia tamaa, bali alimtuma Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma huko kuanzia mwaka 1851 hadi 1853. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo Christian Doppler, aliyefundisha fizikia, na Andreas von Ettingshausen, aliyeandika juu ya hisabati ya michanganyo. Alirudi nyumbani bila shahada. Mwaka 1856 aliujaribu tena mtihani wa ualimu, na kwa mara ya pili hakupata cheti. Mwaka huohuo alianza kupanda njegere katika bustani ya monasteri, akazihesabu kwa uvumilivu kwa muda wa miaka ipatayo minane. Katika jaribio moja alipata mbegu 5,474 za mviringo na mbegu 1,850 zenye mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1866, na walioyajali walikuwa wachache mno. Alifariki mwaka 1884. Ilikuwa mwaka 1900 tu ndipo wataalamu wa Ulaya walipotambua kwamba yule mtawa alikuwa ameweka msingi wa elimu nzima ya urithi wa viumbe.

Nilimweleza binti yetu kwamba ndani ya maisha hayo yamo majibu matatu kwa swali lake. La kwanza ni kwamba chuo kilimpa Mendel kitu ambacho bustani peke yake isingempa. Watu walikuwa wamepanda njegere tangu zamani, lakini yeye aliziangalia kwa jicho la hisabati alilolinolea Vienna. Tusidharau basi darasa wala mwalimu. La pili ni kwamba kilichozaa matunda ni elimu iliyoingia kichwani mwake pamoja na swali alilokuwa nalo. Cheti hakukipata kamwe. La tatu, ambalo wasimulizi wengi hulisahau, ni kwamba gharama ya safari ile ilibebwa na monasteri. Laiti Mendel asingevumbua chochote, hakuna mzee ambaye angepoteza shamba. Jambo hili la tatu nitalirudia.

Baada ya hapo tulihesabu, kwa shilingi. Ada na michango ya chuo kwa miaka miwili: 8,400,000. Kompyuta mpakato inayofaa: 1,800,000. Chumba cha kupanga mjini na nauli, kwa kiasi kinachozidi matumizi yake ya sasa, 150,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa miezi 24. Chakula hatukukiandika, kwa sababu atakula hata akibaki nyumbani. Jumla ilifika 13,800,000, na Mzee akapumua, kwa kuwa ndicho kiasi alichokuwa amekitarajia kutoka kwa mnunuzi wa kibanja.

Lakini daftari lilikuwa bado halijafungwa. Binti analipwa 550,000 kwa mwezi, na akienda masomoni ataacha kazi. Miezi 24 ni 13,200,000. Fedha hiyo hakuna atakayekuja kuidai mlangoni, ndiyo maana watu huisahau. Lakini ni fedha ambayo wadogo zake wawili wanaisomea hivi sasa. Jumla ya kweli ilikuwa 27,000,000, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Pia deni lake la Bodi ya Mikopo kwa shahada ya kwanza, ambalo hukatwa asilimia 15 ya mshahara, litabaki palepale likimngoja.

Tukauliza: akipata kazi mpya inayomwongezea 250,000 kwa mwezi juu ya mshahara wa sasa, itamchukua muda gani kurudisha gharama? Miezi 108, yaani miaka tisa. Kazi hiyo ikimwongezea maradufu, yaani 550,000 zaidi, ni miaka minne na kidogo. Asipoipata kazi hiyo, hakuna hesabu ya kufanya. Kibanja kimekwenda, na aliyekinunua hatakirudisha kwa sababu ya huruma. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa, kuhusu programu yenyewe kuwa mpya. Upya si dhambi. Kila chuo kikuu kilianza siku moja, na wanafunzi wa kwanza mara nyingine hupata uangalifu ambao wa baadaye hawaupati. Lakini programu mpya ina upungufu mmoja ambao tangazo lolote haliwezi kuufunika: haina mashahidi. Hakuna mhitimu hata mmoja wa kumuuliza alijifunza nini na sasa anafanya kazi gani. Penye ushahidi mdogo, maswali lazima yawe mengi. Nami nilimwandikia binti maswali matano apeleke chuoni kabla hajalipa hata shilingi moja.

Swali la kwanza: je, programu hii imepata ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nayo ni programu hii hasa, si chuo tu kwa ujumla? Jibu lithibitishwe na Tume yenyewe, lisiishie kwenye kipeperushi.

Swali la pili: watakaofundisha ni akina nani? Wangapi ni waajiriwa wa kudumu, na wangapi wameazimwa kutoka mahali pengine kwa muhula mmoja? Nani kati yao amewahi kuchambua data za benki, za hospitali au za kilimo, zikamtoa jasho?

Swali la tatu: mtaala una nini? Takwimu, nadharia ya uwezekano na aljebra ya mstari ni mizizi. Kuandika programu kwa lugha kama Python na R, na kuzimudu hifadhidata, ni shina. Zana za kisasa ni majani. Ukiona mtaala wenye majani mengi na mizizi haba, jihadhari. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, tumeona mashine zikiandika sehemu kubwa ya programu ambazo zamani ziliandikwa na mikono ya watu. Kwa maoni yangu, aliyefundishwa kubonyeza tu ndiye wa kwanza kupitwa. Aliyefundishwa kujua swali gani liulizwe, na kutambua pale jibu la mashine linapodanganya, bado atahitajika.

Swali la nne: wanafunzi watatumia data halisi? Je, ipo taasisi yoyote, hospitali, halmashauri au kampuni, iliyokubali kwa maandishi kuwapokea kwa mradi wa mwisho?

Swali la tano: masomo yanaweza kufanyika jioni au mwishoni mwa juma, ili mwanafunzi asiache kazi? Swali hili moja likijibiwa ndiyo, shilingi 13,200,000 zinarudi mfukoni mwa familia.

Chuo chema hakitachukizwa na maswali haya. Mkuu wa idara anayefahamu alichokijenga atafurahi kuulizwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pia nilimpa binti kazi moja ya nyumbani. Kwa miezi sita asome matangazo ya kazi zinazohusu data hapa nchini na katika nchi jirani, aandike katika jedwali: ni mangapi yanadai shahada ya uzamili, ni mangapi yanaridhika na shahada ya kwanza pamoja na ujuzi ulioonyeshwa kwa kazi, ni mangapi yanataja takwimu, mangapi yanataja kompyuta, na yanalipa kiasi gani pale wanaposema. Alicheka, akasema, "Padre, hiyo yenyewe ni sayansi ya data." Nikamwambia ndivyo ilivyo, na kwamba asiyeweza kutumia data kuamua jambo la maisha yake mwenyewe, ni vigumu kulipwa aamue ya wengine.

Wakati huohuo milango mingine asiifunge. Python na R hazilipiwi. Ni programu huria, na yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuanza leo usiku. Kituo cha Mafunzo ya Takwimu cha Afrika Mashariki, kilichoko Dar es Salaam, kimekuwa kikiwafundisha watakwimu wa eneo letu kwa miaka mingi. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani kilianzisha mwaka 2017 uzamili wa uchambuzi wa data kwa njia ya mtandao, kwa ada iliyokuwa wakati huo chini ya dola 10,000. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 2003, ina kituo Kigali na imekuwa ikiwafadhili wanafunzi wake wa uzamili, na kwetu sisi Kigali si mbali. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Leo XIV siku ileile ya tarehe 7 Septemba 2025, alijifunza kompyuta kwa kusoma vitabu vya wakubwa akiwa bado mtoto, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, hana shahada yoyote.

Lipo jambo zito zaidi ya fedha, nalo nisingelisema ningekuwa mchungaji wa mshahara. Kuhesabu watu si kitendo kisicho na roho. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe, na hesabu ile ilimletea taifa maafa, kwa kuwa iliambatana na majivuno ya nguvu zake. Lakini katika Luka 15 yupo mchungaji mwenye kondoo mia, anayejua kwamba mmoja amepotea. Alijuaje? Alijua kwa sababu alihesabu. Daudi alihesabu ili ajue ana nguvu kiasi gani. Mchungaji alihesabu ili ajue nani hayupo. Kila atakayesomea sayansi ya data atachagua mojawapo ya hesabu hizo mbili, hata kama hatajua kwamba anachagua. Ataweza kuitumia elimu yake kumsaidia mkopeshaji wa simu amnase maskini katika riba, au kumsaidia mganga mkuu amwone mama mjamzito aliyeacha kuja kliniki. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023, kwa sababu hatari hiyo si ya kufikirika. Baba Mtakatifu Leo XIV, akizungumza na makardinali tarehe 10 Mei 2025, alieleza kwamba alilichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, kwa maana leo tunakabiliwa na mapinduzi mengine ya viwanda pamoja na maendeleo ya akili unde. Kanisa linawahitaji watoto wake ndani ya vyumba ambamo mashine hizo zinafundishwa. Ndiyo maana sikumwambia binti aache ndoto yake.

Maoni yangu basi ni haya, nami nayatoa waziwazi. Kujifunza sayansi ya data kuna thamani, na kwa mwalimu wa hisabati mwenye kipaji kuna thamani kubwa. Kuuza kibanja kwa ajili ya programu ambayo bado haijatoa mhitimu hata mmoja hakuna thamani hiyo. Niliwashauri waombe nafasi iahirishwe kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kungoja utawapa kitu ambacho leo hakinunuliki kwa fedha yoyote: kundi la kwanza litakuwa limemaliza mwaka wake wa kwanza, na litaulizwa.

Binti hakunyamaza. Alisema, "Padre, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Walioanza mwanzo ndio watakaopata nafasi. Nami ni mwanamke. Nikingoja mwaka, nyumbani wataanza kuzungumza habari za posa, si za masomo." Kisha akaniuliza, kwa heshima zote, swali lililonichoma hadi leo: "Padre, ulipokwenda seminari, nani aliuza shamba?"

Hakuna aliyeuza. Nilisomeshwa na jimbo, na jimbo lilisaidiwa na waamini ambao sijui majina yao. Nilibebwa. Nami sasa, niliyebebwa, namshauri asiyebebwa na mtu awe mvumilivu. Ushauri wangu siuondoi, kwa kuwa naamini ni wa kweli. Lakini ushauri wa kweli unaotolewa na mtu ambaye haugharimii chochote ni nusu ya upendo tu.

Kwa hiyo narudi kwa Abate Napp. Katika historia ya Mendel tunajifananisha na mtawa mwenye bustani, au na wale wasomi waliompuuza. Mimi nawaomba, wapendwa, tujifananishe na abate. Tulipomchangia yule kijana wa parokia yangu ya zamani, tulitoa fedha bila maswali, na alipokwama tulimtazama bila msaada. Yote mawili yalikuwa makosa. Nitapeleka pendekezo Halmashauri ya Walei kwamba SACCOS yetu ya parokia itenge mfuko mdogo wa mikopo ya masomo ya juu, wenye riba ndogo, wenye kamati itakayomuuliza kila mwombaji maswali kama yale matano, na wenye mlezi atakayemfuata mwanafunzi hadi mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Akishindwa, hasara tutaigawana wengi, kila mmoja kidogo, badala ya kuiangushia familia moja na makaburi yake. Wapo waalimu wastaafu, wahasibu na wauguzi kati yetu wanaoweza kuketi katika kamati hiyo. Wajiandikishe kwa katibu wa parokia.

Mzee aliikunja hati ya mauziano akaitia mfukoni. Hakuichana, wala sikumwomba aichane; ni mali yake na ni uamuzi wake. Binti amepeleka maswali chuoni, na jedwali lake la matangazo ya kazi limekwisha kuanza. Mlango wa ofisi yangu uko wazi majibu yatakapokuja, hata kama yataonyesha kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Nami ninayo hesabu yangu moja ya kukamilisha. Yule kijana wa parokia ya zamani nimeulizia mahali anapokaa. Siku ya Jumatano nitapanda basi kwenda kumtembelea, si kumuuliza habari za cheti wala za michango, bali kumwomba msamaha kwa mchango ule niliouhimiza bila kuuliza, na kwa miaka niliyoacha kumtafuta.

Tumwombe Mama Bikira Maria, Kikao cha Hekima, awaombee vijana wetu wote wanaosimama mbele ya mlango wa chuo wakiwa na barua mkononi na hofu moyoni, na awaombee wazazi walio tayari kutoa hata kile wasichoweza kukipata tena.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu.